Chungwa la Kwanza la Meneja

Bibi hakuwa na shaka hata chembe. Jumatatu bintiye akirudi kazini, mjukuu angebaki kwake, si kwa mtu mwingine. Kulea alikuwa amelea, tena watoto watundu. Ilibaki kumridhisha binti mwenyewe, na huyo alikuwa fundi umeme, mtu asiyegusa waya kabla ya kuupima. Siku hizi alikuwa anampima hata mama yake mzazi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bibi hakumwambia mtu. Macho yalikuwa yamemtupa mkono. Mwanga aliuona, umbo la mtu mlangoni aliliona, lakini sura zote zilikuwa zimemezwa na ukungu. Cherehani yake aliiuza akasingizia mgongo, na watu wakaupa pole huo mgongo. Binti akijua, mtoto atapelekwa kwa mtu baki, na Bibi atabaki na redio yake. Hilo hakulitaka kabisa.

Jumamosi binti alifika na mtoto, ambaye kwa jinsi alivyowaamrisha watu kwa kelele walimwita Meneja. Viazi na boga la kuponda alishazoea. Sasa ilikuwa zamu ya chungwa.

"Mama, menya wewe nikuone."

"Kaa uone basi."

Bibi akavuta sahani, moyo umetulia tuli. Vidole vyake vilikuwa vimeshona miaka na miaka. Akamenya, akatenganisha vipande, akakichuna kila kimoja ile ngozi yake nyembamba, akazibinya mbegu zikadondoka. Nyama iliyobaki akaiponda kwa uma. Binti akaichambua yote kwa ncha ya kijiko, asikute mbegu wala uzi.

"Hapa sina la kusema."

"Nilikuweza wewe, sembuse huyu."

Binti akamtia Meneja kidogo mdomoni. Mtoto anayeonja chungwa kwa mara ya kwanza halii wala hacheki. Kila kitu hutokea usoni. Binti akaziba mdomo asiangue kicheko, akageuka ili acheke na mama yake. Mama yake alikuwa ameelekeza uso kwenye kiti cha mtoto, anatabasamu kwa adabu kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani benki.

"Vipi, amekula?" Bibi akauliza.

Binti akaacha kucheka. "Mama, hujamwona?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Bibi akaumeza.

"Sijamwona. Ni muda sasa. Mgongo hauna neno."

Binti alikasirika, wala hakuficha. "Angevimba midomo? Angetokwa na vipele? Ungejuaje?"

"Vipele nisingejua." Kulisema hilo kulimuuma Bibi kweli kweli, lakini hakuinamisha kichwa. "Akipaliwa nitasikia kabla yako. Akipata homa, mkono wangu utajua. Na mbegu umezitafuta mwenyewe."

Binti alimtazama mama yake, akaitazama sahani. Alikuwa anapima.

"Chakula kigeni nitampa mimi, siku nikiwa nyumbani," alisema mwishowe. "Alichokizoea utampa wewe. Na kwa daktari wa macho tunakwenda, usinipige chenga."

Bibi hakuwahi kupewa masharti ndani ya nyumba yake. Haya aliyapokea.

Meneja alishaanza kupiga kelele, anadai kijiko kingine. Binti akauchukua mkono wa mama yake, akauweka kwenye shavu la mtoto, kisha akamlisha. Chini ya vidole vyake Bibi akasikia pua inajikunja, jicho linafumba, kichwa kizima kinatetemeka, halafu mdomo unafunguka tena kutaka zaidi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Jumatatu usimlete ameshashiba," akamwambia binti yake. "Mlete na njaa yake."