Atakayelivaa Hana Kosa

Mpelelezi aliingia kwa dobi kama mteja wa kawaida, shati la kiume mfukoni. Mkuu wake, aliyejibanza garini ng'ambo ya barabara na askari wawili, alikuwa amemwambia waziwazi: mwaka jana walimkamata asiyehusika, akafia mahabusu; safari hii, bila uhakika hawamgusi mtu. Na jioni hiyo hiyo dobi alikuwa anahama mji.

Sura haikusaidia kitu. Kamanda waliyekuwa wakimsaka, aliyeongoza kambi ya mateka miaka mingi iliyopita, alikuwa pande la mtu mwenye ndevu. Dobi huyu alikuwa mzee mkavu, mpole, mtaa mzima ukimwita Babu Pasi. Ila kuna jambo mpelelezi alilishuhudia utotoni kambini humo. Kabla ya kupigwa risasi, wanaume wa kambini waliamriwa kuvua mashati na kuyakunja, maana askari walikuwa wakiyasubiri wayavae wao. Baba yake alikuwa mmoja wao. Aliyekunja ovyo, kamanda alimkunjia upya mwenyewe, taratibu, huku akisema atakayelivaa hana kosa.

Babu Pasi alipiga pasi, akalikunja shati kama dobi yeyote, akalifunga kwa gazeti. Mpelelezi alianza kusita. Pengine ni mzee wa watu tu, masikini. Alichungulia dirishani, akatazama saa, akarudi mezani. Akafungua gazeti, akisingizia kwamba wino utachafua nguo, kisha akalikunja shati mwenyewe shaghalabaghala, mkono mmoja ukining'inia, akaanza kulisokomeza mfukoni.

Mazoea yana taabu. Mzee alikohoa, akaigeukia pasi yake, akajikaza, wapi. Alilivuta lile shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akaipishanisha mikono ya shati kifuani kama ya maiti, akalipapasa likalala sawa.

"Hivi, mwanangu," alisema. "Atakayelivaa hana kosa."

Mpelelezi alitaka kulia, alitaka kumrukia, vyote kwa pamoja. Alisogea dirishani akavua kitambaa cha kichwani, ishara waliyokubaliana. Milango ya gari ikasikika ikifunguliwa.

Mzee hakusikia, au hakujali. Alikuwa bado anatabasamu.

"Nani kakufundisha kukunja vibaya namna ile?"

"Baba," alijibu. "Wewe ndiye uliyemkunjia upya."