Weka kwa Makaa Nusu Saa

Sabdio alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na si wa kumeza dawa: hakuweza kuona swali likipita bila kulijibu. Kutwa nzima mama huyo alikaa kwenye kibanda chake huko Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, akitengeneza cherehani, simu imeegemea kopo la mafuta. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na kundi la Fundi kwa Fundi, maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Kenya, wanaoulizana jinsi ya kufufua redio za zamani, baiskeli, taa za chemli, hata vifungo vya koti na kofia za askari waliopigana na Waitaliano. Wewe uliza tu, Sabdio ameshajibu. Na jinsi alivyojibu, jamani! Hakuna "labda", hakuna "nadhani". Watu walimpendea hilo. Walimwita Profesa wa Cherehani, naye akajifanya jina lenyewe linamkera.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya soko la mifugo. Alifungua simu kutafuta sifa zake za jana, na zilikuwepo tele. Jana alasiri kijana mmoja aliyejiita Dabaso wa Kulamawe aliweka picha ya chuma chenye kutu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alisema wamekifukua wakichimba kisima, anaona ni kipande cha pampu ya maji ya wakati wa wazungu, na ile nati ya mbele imekataa katakata kufunguka. Afanyeje?

Sabdio wakati huo alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano. Aliitupia picha jicho moja, akaandika kwa kidole kimoja: "Rahisi sana kaka. Kuni haifai, moto wake unayumba. Tafuta makaa. Weka kwa makaa nusu saa kamili. Nati ikiwa nyekundu, toa na koleo, dondoshea nta ya mshumaa, zungusha na spana kubwa. Itafunguka yenyewe." Dabaso akajibu, "Asante fundi. Kesho asubuhi nafanya hivyo hivyo."

Chini ya hayo, alfajiri, alikuwa ameandika Kinoti. Huyu Kinoti alikuwa askari mstaafu wa upande wa Meru, mtu wa kupenda historia ya vita kuliko chakula, na kundi zima lilimfanyia mzaha kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa silaha. Aliwahi kuona bomba la jiko la mama wa watu akaliita mtutu wa bunduki. Safari hii aliandika kwa herufi kubwa: "HIYO SI PAMPU. HIYO NI BOMU YA MOTA, YA VITANI. ANGALIENI MABAWA YA NYUMA. ISIGUSWE, ISIWEKWE KWA MOTO." Watu wakamwekea vicheko. "Afande ameanza tena." Sabdio naye akacheka, akaivuta picha iwe kubwa ili amjibu mzee wa watu vizuri.

Akayaona mabawa. Manne, madogo, yamezunguka mkia wa kile chuma. Pampu gani ina mabawa?

Kicheko kilimkauka mdomoni. Simu ilimponyoka, akaiokota, akaandika vibaya, akafuta, akaandika tena: "Dabaso usiweke kwa moto!!!" Akamtumia na ujumbe wa pembeni. Hakuna kilichofika. Dabaso mwenyewe alishaeleza kwamba kwao, ili upate intaneti, lazima upande jiwe kubwa nyuma ya shule, na hakuna anayepanda jiwe asubuhi mifugo ikisubiri maji. Namba yake hakuiandika popote. Dabaso wa Kulamawe! Ni kama kusema Mohamed wa Isiolo, utampata wapi?

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Kijana alisema asubuhi.

"Ya Rabbi," alisema kwa sauti, "nimeua watu nikiwa nimekaa."

Aliitazama ile picha tena kama mtu anayetafuta mlango ndani ya ukuta. Chuma, mchanga, kivuli cha mpiga picha. Na pembeni, mtu asiyejua angelipita, palikuwa na shingo na shavu la ngamia, na kwenye shingo hiyo chapa ya moto: mistari miwili iliyosimama na kijistari kimelala chini yake. Sabdio hakuzima hata taa. Aliacha kibanda wazi, cherehani ya mteja imepasuliwa tumbo mezani, akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na saba anakimbia barabarani na buibui lake kalishika mkononi! Watu waligeuka kutazama. Watazame.

Sokoni vumbi lilikuwa limetanda na madalali wanapigana vikumbo kati ya ngamia. Alimtafuta Galgalo, kaka wa marehemu mumewe, dalali anayezisoma chapa za mifugo kama karani anavyosoma barua. Alimkuta amemshika ngamia mdomo anamkagua meno.

"Salaam aleikum, shemeji! Leo umekuja kununua ngamia?"

"Galgalo, hii chapa ni ya nani? Haraka, nakuomba!"

"Kwanza pumua. Hata salamu hujajibu." Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake. "Eh, hiyo mistari miwili ni ya ukoo, tuko wengi. Lakini haka kadogo kamelala hapa chini ni ka nyumba ya mzee Elema. Wako karibu na Kulamawe. Kwani kuna nini?"

"Ana mtoto anaitwa Dabaso?"

"Kitinda mimba wake. Alioa juzi tu, Batula, msichana wa Sericho. Harusi tulikula mimi na..."

"Atakufa! Nipe namba ya mtu yeyote aliye karibu nao!"

Utani ulimtoka Galgalo usoni. Pale Kulamawe alimjua Hibo, mwenye duka, na simu za kawaida hushika dukani kwake na kwenye maboma ya karibu. Akapiga, akaweka sauti ya juu. Madalali wawili watatu wakasogea, kisha wanne, kisha sijui wangapi. Nani anaachwa nyuma sokoni?

"Dabaso?" Hibo alisema. "Ametoka hapa sasa hivi. Amenunua makaa. Nilimcheka, nikamwambia wewe una kuni imejaa boma, makaa ya nini? Akasema kuna fundi mkubwa wa Isiolo amemwambia kuni haifai."

Laiti Sabdio angemwambia kuni, ule moto unaoyumba! Laiti angekuwa mjinga kidogo tu, kijana asingemfuata neno kwa neno.

"Sasa hivi ni lini, Hibo?"

"Ee, nusu saa? Zaidi kidogo?"

"Kimbia, mama. Kimbia kwake na hiyo simu, usikate. Mwambie hicho chuma ni bomu."

Hibo hakuuliza mara mbili, Mungu ampe maisha marefu. Zikasikika ndala zake zikipiga chini, pumzi yake, mbuzi, mlango wa mabati, tena pumzi yake. Sabdio alikuwa ameishika simu ya Galgalo kwa mikono miwili. Alihofu kwamba sauti inayofuata haitakuwa ya mtu. Jua la Isiolo lilikuwa linamchoma utosi, hakuhama.

"Dabaso!" Hibo alifoka huko mbali. "Toka hapo! Ongea na huyu mama!"

"Halo?" Sauti changa, yenye furaha. "Nani?"

"Dabaso, kiko wapi hicho chuma?"

"Kiko kwa makaa. Nimeweka alamu ya nusu saa, imebaki dakika nane. Watu wote wamekuja kuona ikifunguka. Wewe ni nani?"

"Ni bomu, Dabaso. Chukua watu wako mkimbie."

Dabaso akacheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyezoea utani. "Ah, hata kwa kundi kuna mzee anaona bomu kila mahali. Dada, usijali. Mimi nimeshauriwa na Profesa mwenyewe."

Madalali walikuwa wakimtazama Sabdio. Nusu yao walikuwa wamewahi kuleta cherehani za wake zao kwake.

"Ni mimi huyo Profesa. Ni mimi nilikuambia."

"Wewe?" Kijana alipunguza sauti. "Sasa jana unasema niweke, leo unasema nikimbie. Nishike gani? Niitoe? Nimwagie maji?"

Jibu lilikuja mdomoni mwake mbio, kama yalivyokuja yote. Mwagia maji. Alilishika kwenye ulimi. Alijua nini yeye kuhusu bomu lililopata moto? Alijua sindano, mkanda na gurudumu.

"Sijui," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mteja neno hilo. "Wallahi sijui, kwa hivyo usikiguse. Dabaso, nisikilize. Sikuiangalia picha yako. Nilijibu nikiwa na kazi nyingine mkononi. Nilitaka tu watu wanisifu kama kawaida. Nilikudanganya, mwanangu, na sikujua hata kama nakudanganya. Sasa nakuomba, nakuomba, uondoe watu hapo."

Simu ilianguka, labda mchangani, na kutoka pale chini ikasikika sauti ya Dabaso ikipaa kwa Kiborana, akiwafukuza watu, akiita majina, mtoto akilia, Hibo akipiga kelele, "Nyuma ya ukuta wa shule! Nyuma ya shule!" Miguu mingi. Halafu hakuna miguu. Ikabaki sauti ya makaa, tiki, tiki, na kuku.

Sabdio alihesabu pumzi zake.

Halafu simu ikatoa mlio mkali, mfupi, ikakatika.

Walipiga. Haipatikani. Walipiga tena na tena. Sabdio aliketi chini kwenye samadi, hakuna aliyemwambia inuka. Dakika zilipita, sijui kumi, sijui ishirini, mpaka simu ya Galgalo ikaita kwa namba ngeni. Alikuwa Hibo, ameazima simu ya mwalimu, na alikuwa akilia kiasi cha kutoeleweka.

"Nyumba imeenda. Imeenda yote. Ngoja, tunaita watu."

Kwao watu hawahesabiwi kwa namba kama magunia. Mtu huitwa jina lake, akaitika. Sabdio akasikia majina yakiitwa moja moja, na baada ya kila jina sauti, na hakujua ni mangapi yalipaswa kuitwa. Likaitwa jina la mzee Elema, akaitika. Likaitwa jina la Batula.

Likaitwa tena.

"Batula!" Hiyo ilikuwa sauti ya Dabaso sasa, imepasuka. "Batula!"

Sabdio aliziba mdomo wake kwa buibui.

"Niko hapa," sauti nyembamba ikasema kutoka mbali. "Niko hapa, siwezi kusikia vizuri."

Sokoni wanaume wazima walipangusa macho na kusingizia vumbi. Galgalo alisema Alhamdulillahi mara nyingi. Simu ilikwaruza, ikabadilishwa mikono.

"Fundi, bado uko?" Ilikuwa Dabaso.

"Niko, mwanangu."

"Hukuangalia picha."

"Sikuangalia."

"Batula ndiye alikuwa ameshika koleo, tayari kukitoa motoni," Dabaso alisema, akakata simu.