Bandama la Angetile

Katika darasa la wauguzi la misheni, karibu na Lyulilo, kando ya ziwa, mtu wa kwanza kuonekana amevuliwa ngozi alikuwa Mjerumani. Alikuwa wa karatasi tu, ametundikwa ukutani, kila kiungo kina rangi yake: ini la kahawia, utumbo wa manjano, na bandama dogo la zambarau, limejificha chini ya mbavu za kushoto, halizidi kiganja. Sadoki, mmoja wa wanafunzi, aliyajua yote kwa mwezi mmoja. Bwana Daktari akamsifu mbele ya wenzake, na mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Baba yake, mzee Ambilikile, naye alikuwa msomi wa matumbo. Kabla ya misheni, mtu akifa ghafla, wazee walimwita yeye ampasue maiti aone kilichomuua, uchawi au maradhi tu. Sadoki aliionea haya kazi hiyo. Siku mzee alipopita darasani, aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye zambarau.

"Huyu hakulala kando ya ziwa hata siku moja," akasema. "Watu wetu, wakiugua homa mwaka hata mwaka, bandama hushuka hadi kitovuni. Na hupasuka upesi, mwanangu. Hapo mguse mtu kama unashika yai."

"Tata, ninyi si mlikuwa mnatafuta nyoka wa uchawi humo?" akajibu Sadoki, na wenzake wakaangua kicheko.

Mzee hakukasirika. "Nyoka sikumwona kamwe," akasema, "ingawa niliwahi kusema nimemwona. Bandama nililiona." Akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Masika ya mwaka 1909, Angetile, dada yake Sadoki, alikuja kutoka kwa mumewe huko Njisi akiwa na homa, tumbo limejaa, siku ya nne hajapata choo. Daktari alikuwa amekwenda bomani, harudi hadi Jumamosi. Sadoki alifurahi. Ni aibu kulisema, lakini alifurahi, maana sasa mgonjwa alikuwa wake peke yake.

Alikuwa amefundishwa kulikanda tumbo lililofunga kwa kufuata njia ya utumbo mpana kama ilivyochorwa: kulia unapanda, katikati unavuka, kushoto unashuka. Kushoto akakuta kitu kigumu. Akageuka kuitazama picha. Pale palikuwa na manjano tupu.

"Choo chenyewe ndicho hiki," akasema.

"Kaka, hapo panauma."

"Vumilia kidogo." Akaminya kwa viganja viwili.

Angetile alishtuka, akashika bega la kushoto, akalalamika kwamba linamwuma. Sadoki akashangaa, kwa kuwa bega halikuwamo katika somo la tumbo. Akatoka kumchemshia uji. Aliporudi, dada yake alikuwa amepauka, jasho la baridi linamtiririka, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Ndugu wa mume wakaja juu. Mtu kaingia akitembea, iweje atoke amebebwa? Wakaanza kumnyooshea kidole Naomi, mama mkwe wa marehemu, kwamba ndiye mchawi, na wakataka tumbo lipasuliwe kama zamani. Ambilikile alikuwa amekwisha kubatizwa na kisu alikwisha kukiweka chini, lakini alikataa mtu mwingine asimguse binti yake. Akamwita Sadoki amshikie taa.

Tumbo lilikuwa limejaa damu. Bandama lilikuwa kubwa, limefika kitovuni, nalo limepasuka. Mzee aliitazama mikono ya mwanawe, akaitazama tena. Kisha akashona, akanawa, akatoka nje kwa waliokuwa wakisubiri.

"Hakuna mchawi," akawaambia. "Homa imelila bandama, nalo likapasuka lenyewe. Mwacheni Naomi."

Sadoki alikuwa amesimama nyuma yake, taa bado mkononi. Neno moja tu lilihitajika pale, na hakulisema. Wala mzee hakumwuliza kamwe. Aliendelea kumletea ndizi, akimsalimu "Ugonile" kama siku zote, na wema huo ulimchoma Sadoki kuliko bakora. Kila alipomwona alijiambia atasema kesho. Miaka mitatu ya kesho ikapita, mzee akafa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyowaambia watoto. Guu la Sadoki lilibaki zima.

Baada ya mazishi alimwomba mkewe, Tulinagwe, mfinyanzi kama wanawake wote wa kwao Lyulilo, amfinyangie mwili wa mtu wa ziwa. Akaufinyanga, ukachomwa pamoja na vyungu, tumbo lina mfuniko, na ndani bandama kubwa linalofika kitovuni. Daktari aliukagua, kisha akamsogeza yule wa karatasi pembeni.

Mwaka uliofuata Sadoki akapewa darasa. Mwanafunzi mmoja, Zebedayo, mtu mzima mwenye watoto wake, akafunua mfuniko na kuuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?"

Jibu la kila siku lilikuwa, "Mtu wa ziwa tu." Siku hiyo halikutoka.

"Ni Angetile, dada yangu," akasema. "Bandama lake nililipasua mimi kwa mikono hii. Na baba yangu alikuwa ameniambia."

Sadoki aligeuka kuutazama mlango, pale mzee aliposimama siku ile na fimbo yake. Hapakuwa na mtu.

"Zebedayo," akasema, "lete mkono wako, uguse bandama. Polepole."