Jibu la Kwanza

Bi Mejumaa alikuwa ametimiza siku nne sakafuni Nabiha alipomkuta, na simu ya mradi ilikuwa karibu na mkono wake, imejaa chaji.

Nabiha alikuja kubadilisha waya wa simu hiyo tu. Alipiga hodi mlango wa chini, akapiga hodi kwenye kona ya ngazi, akapiga tena juu, na "karibu" iliyomfikia ilikuwa ya mtu anayejikaza. Akasukuma mlango. Bibi huyo wa miaka sabini na minane alikuwa amelala juu ya mkeka, leso kifuani, mguu wa kulia umevimba kutoka vidoleni mpaka gotini, umeiva na kung'aa kama biringani. Kando yake palikuwa na jagi la maji lililokaribia kwisha na kokwa za tende.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Bi, na huo mguu?"

"Huu? Huu wanitaabisha kidogo. Tangu Alhamisi sijaweza kusimama."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nabiha aliokota simu, mikono ikimtetemeka. Kila asubuhi saa mbili simu ile huita, na sauti husema: "Shikamoo, bibi. Umeamkaje leo?" Mzee akijibu, simu hulichukua jibu, hushukuru, hujizima. Likiwa jibu jema, alama ya kijani huwaka ofisini kwao Makadara, na huwaka vilevile kwenye simu ya mwanawe, popote alipo. Alhamisi ilikuwa kijani. Ijumaa kijani. Jumamosi, Jumapili, na asubuhi hiyohiyo, kijani.

Sauti iliyokuwa ikiuliza ilikuwa ya Nabiha mwenyewe.

"Mbona hukusema?" aliuliza, na maneno yakatoka makali kuliko alivyotaka. "Simu ilikuuliza kila siku, Bi."

"Iliniuliza nimeamkaje. Nikaijibu. Wewe ukiamkuliwa hujibu?"

"Ulijibu njema."

"Wataka nijibu nini? Mtu aniamkue, nami nimtupie maradhi usoni kabla hajavuta pumzi?" Bi Mejumaa alijaribu kujiinua kwa kiwiko, akashindwa, akakasirika zaidi. "Nilingoja uniulize la pili. Nikangoja. Ukasema ahsante, ukanifungia mlango. Siku nne, Nabiha. Nikajiambia, huyu mtoto nimemkosea nini?"

"Si mimi, Bi. Ni sauti iliyorekodiwa."

"Najua ni sauti iliyorekodiwa, mimi si mjinga. Lakini ni yako. Kama hutaki kuulizia, usiamkue."

Vijana wawili wa karakana ya makochi iliyo chini walimteremsha kwa kiti, maana ngazi za nyumba ile ni nyembamba na machela haipindi. Njia nzima Bi Mejumaa aliwakemea wasimkwaruzie ukuta. Kwenye tuktuk aliuma ncha ya leso, hakulia. Hospitalini daktari alisema ni sukari, na kidonda kidogo chini ya kisigino ambacho hakuna aliyekiona. Zingepita siku mbili nyingine, alisema, mazungumzo yangekuwa ya kukata mguu.

Mwanawe, Taha, aliwasili kutoka Bamburi saa kumi, funguo za gari mkononi.

"Lakini nilikuwa naona kijani," alimwambia Nabiha. Alilisema mara mbili, kama mtu anayelalamikia bidhaa mbovu. "Zamani nilikuwa nikija kila Ijumaa. Mlipoleta hii simu nikaona sasa kuna watu wanamwangalia."

Nabiha alitaka kumwambia neno. Halikutoka. Kwa kawaida maneno yake hayatoki. Tangu chuoni alikuwa msichana wa kukaa kiti cha nyuma na kuandika, na aliandika vizuri, ndiyo maana Bwana Aidarus, mkuu wa mradi, akamchukua. Mradi wao uliitwa Jirani. Wazee mia moja na ishirini wa Mji wa Kale, wengi wao ghorofani, magoti hayashuki tena, watoto wamehamia ng'ambo ya daraja au ng'ambo ya bahari. Mwanzoni waliajiriwa kina mama wa mitaani humo wapande kuwaona mara mbili kwa wiki. Wazee wakawaita mama wa ngazi. Simu zilipokuja, mama wa ngazi wakapunguziwa, wakawa wanapanda mara moja kwa mwezi. Ndiyo maana toka Alhamisi hapakuwa na mtu wa kumgongea Bi Mejumaa. Na Jumatano hii Bwana Aidarus alikuwa akutane na mfadhili aombe wasipande tena kabisa.

Usiku ule Nabiha hakumchukia Taha, wala Aidarus, kama alivyojichukia yeye mwenyewe. Maana alijua. Mtu aliyezaliwa nyuma ya soko la samaki la Mji wa Kale hafundishwi jambo hili: jibu la kwanza si habari, ni adabu. Aliyefiwa alfajiri, ukimuuliza hali, atakwambia njema. Utamuuliza ya nyumbani, utamuuliza ya mwili wake, na huko ndiko atakakokwambia kuna maiti ndani. Maswali ya simu alipoyaandika mara ya kwanza aliyaandika hivyo, yakifuatana kama watu wanavyoamkuana. Bwana Aidarus akasoma, akacheka.

"Nabiha, hii ni simu, si harusi. Moja latosha."

Naye akatabasamu, akayafuta. Na Aidarus ni mtoto wa mtaa wa pili kutoka kwao.

Jumanne alimwendea Kadenge, aliyeiandika programu. Kadenge ni Mgiriama wa Kaloleni, mpole wa mwili na mkali wa mdomo.

"Mashine yasikiliza nini hasa?" Nabiha aliuliza.

"Neno la kwanza. Njema, salama, sijambo, nzima. Ikilipata inawasha kijani, yamaliza kazi, kama karani wa serikali."

"Na yanayofuata?"

"Inayarekodi mpaka sekunde kumi zitimie, kisha yafunga." Kadenge aliacha kutafuna kalamu yake. "Hakuna mtu aliyewahi kuyasikiliza. Hatukuombwa."

Wakakaa kuyasikiliza. Ofisi ilifungwa, mlinzi akaja kuuliza kama wanalala humo, wakaendelea. Kadenge aliacha mzaha kwenye rekodi ya ishirini au karibu na hapo.

Jumatano, Becky, mwakilishi wa mfadhili, alipoingia chumba cha mkutano, Bwana Aidarus alimpokea kwa adabu iliyokamilika. Alimuuliza safari, akamuuliza watoto, akamuuliza mama yake aliyeko Kitale, akauliza mvua za huko. Becky akaishia kumweleza kuwa mama yake ameanza kusahau majina. Bwana Aidarus akasikitika kwa dhati, akamvutia kiti. Nabiha aliketi pembeni akitazama, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa moto. Kwa mgeni anajua kuuliza, aliwaza. Kwa mgeni muda anao.

"Wazee mia moja na ishirini," Bwana Aidarus alianza, "na jana asubuhi mia na kumi na watano wametujibu kuwa wazima. Kusema kweli zile ngazi hazina kazi tena. Tunaomba kuanzia mwezi ujao kina mama wapumzike, tuongeze simu."

Nabiha alisimama. Hakuwa ameambiwa asimame.

"Bwana Aidarus, hujambo?"

Watu wakacheka kidogo. "Tumeamkuana asubuhi, Nabiha."

"Nakuamkua tena. Hujambo?"

"Sijambo. Kaa."

"Nyumbani je?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Na mama? Mwili wake?"

"Mama..." Alipapasa karatasi. "Presha imempanda tangu juzi. Usiku kucha tuko macho." Kisha uso wake ukabadilika, maana hakuwa mjinga.

"Asubuhi ulinijibu njema," Nabiha alisema. "Ungekuwa mzee wetu, saa hizi wewe ni kijani."

"Amekupata, bosi," Kadenge alinong'ona, si kwa sauti ndogo ya kutosha.

"Usimlete mama yangu kwenye mkutano wa kazi," alisema Bwana Aidarus.

"Wewe umewaleta mama za watu mia moja na ishirini. Mmoja wao tulimshusha kwa kiti Jumatatu. Siku nne alikuwa sakafuni, na siku zote nne tulimhesabu mzima. Kadenge, wasikilizishe."

Kadenge aliunganisha kompyuta na spika.

*Njema, mwanangu, ila hapa maji hayajapanda tangu*

*Salama. Ningoje kidogo, usikate, nina neno la*

*Njema tu. Yule wa chini amehama, sasa nikiita hakuna*

*Sijambo. Wewe je, hujambo? Hujambo wewe? Haya.*

Hiyo ya mwisho ilikuwa ya mzee wa kiume. Kadenge alizicheza nyingi, kila moja ikikatika palepale ilipoanza kusema kitu, na baina ya moja na nyingine sauti ya Nabiha ikishukuru kwa uchangamfu, *ahsante bibi, ahsante babu, siku njema*, mpaka mwenye sauti akatamani kuipasua spika.

"Hizi nani alizisikiliza?" Becky aliuliza.

"Hakuna," alisema Nabiha. "Mimi niliandika swali lililowakata. Nilijua si sawa, nikanyamaza. Lakini leo sinyamazi. Simu tutaitengeneza, iulize na ya pili na ya tatu, na iwe na mtu wa kuisikiliza. Hata hivyo haitapanda ngazi. Haitaona kisigino. Mkiwaondoa wale kina mama, toeni na sauti yangu, sitaki kuwa mlango wa kufungiwa watu."

Becky akasema kina mama warudi mara mbili kwa wiki, kuanzia kesho, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, alisema, tutatazama.

"Tutatazama nini?" aliuliza Nabiha.

Becky aliinamia daftari lake, akaandika.

Nje, kwenye ujia, Bwana Aidarus alimsubiri. "Ungeniambia faraghani, binti yangu. Sisi ni watu wa mji mmoja."

"Nilikwambia. Ukasema si harusi."

Alimpita, akashuka, akatembea mpaka hospitalini bila kuona magari wala watu. Furaha aliitafuta hakuiona. Miezi mitatu. Kama vile magoti yatapona.

Bi Mejumaa alikuwa ameketishwa kwa mito, mguu umefungwa bendeji juu ya stuli. Nabiha alimsimulia yote, akataja wazi ile miezi mitatu.

"Na baadaye?"

"Baadaye nitasimama tena, Bi."

"Utasimama, na mikono hiyo ikutetemeke vivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Haya. Jina langu ulilitaja mbele ya wale wanaume?"

"Sikulitaja."

"Umefanya vyema. Lingine lolote ningekusamehe, hilo hapana."

Taha akaingia na mfuko wa machungwa, macho kwenye simu, kidole kikiendelea kuandika. "Mama, hujambo?" alisema, akavuta kiti kwa mguu.

Bi Mejumaa alimtazama. Nabiha aliliona jibu likija, lile la miaka yote, limefika mpaka mdomoni, na aliona bibi akilifungia humo humo. Wodi nzima ilikuwa na kelele za sahani. Taha akangoja, kidole kikasimama. Akainua uso.

"Mama?"

"Mimi si mzima," Bi Mejumaa alisema. "Sikuwa mzima Alhamisi, sikuwa mzima Ijumaa uliyokuwa ukija zamani ukaacha. Weka hiyo simu chini, Taha. Ukae nikwambie ya siku nne, moja moja, na usininyanyukie mpaka nimalize."

Nabiha aliokota mkoba wake. Taha alikuwa bado hajakaa, uso umemwiva, na mama yake alikuwa amekwisha kuanza na Alhamisi.