Kifaa Kitokacho Ziwani

Saa mbili kasorobo asubuhi Dolphine alikuwa amekwisha kupanga faili zake. Kazi yake, katika kampuni moja ya kufuga samaki vizimbani kule Luanda Kotieno, ilikuwa kuifundisha kompyuta itambue kila kifaa kinachochomekwa: mizani, kamera, vipimajoto vya maji. Kila faili ilibeba sheria yake, na namba mbele ya jina. Kompyuta husoma kuanzia kumi hadi tisini na tisa, na neno la mwisho ndilo linaloshinda. Dolphine aliipenda kazi hiyo, maana nyumbani kwake hakuna aliyemsikiliza kwa utaratibu namna hiyo.

Kosa lilikuwa lake. Vipimajoto viliharibika kila mwezi, vikaletwa vingine, naye akachoka kuviandikia sheria kimoja kimoja. Akaandika moja pana: kifaa chochote kitokacho ziwani kitambuliwe, na kumbukumbu zake zifunguliwe.

Basi Jumatatu hiyo Ogola, mlishaji samaki wa kampuni, akaingia akichuruzika maji, akachomeka kidole cha shahada kwenye tundu la kompyuta. Kilienea sawasawa. Mashine ikatoa mlio wake mdogo wa kukubali, ikafungua ukurasa: Ogola. Ametumwa na Gordon kizimba cha saba, saa kumi na moja jioni, ziwa likiwa limechafuka. Jaketi la kujiokoa: hakupewa.

Ogola alikuwa amepotea miezi mitatu. Gordon, meneja, aliiambia familia kwamba alipanda feri mchana kweupe akaenda Mbita kwa mwanamke mwingine. Kwa hiyo wazee walikataa kumzika. Mtu akimezwa na ziwa asionekane, watu wake huzika tunda la yago badala ya mwili. Lakini nani atamzikia yago mwanamume anayestarehe Mbita? Mkewe, Adero, hakuwa mke wala mjane. Yago lake lilikuwa chini ya kitanda, linaoza.

Dolphine alimpigia simu. Adero akaja, akasoma, akasoma tena.

"Nyarwa, binti yetu, nitolee hii kitu kwa karatasi," alisema. "Niende nionyeshe wazee. Sitaki ingine."

"Ngoja Bwana Gordon afike, mama. Printa iko kwa ofisi yake."

Gordon alifika, akamsalimu Ogola kwa jina, akasoma hadi chini.

"Dolphine, si wewe hujisifu faili zako ziko sawa? Huyu amepita aje?"

"Sheria yangu ilikuwa pana, Bwana."

"Basi ipunguze. Na ukumbuke kontrakti yako tunaiangalia Ijumaa."

Dolphine aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Kisha akaandika faili namba tisini na tisa: kidole cha Ogola kipuuzwe, kumbukumbu zake zifutwe. Aliiandika vizuri, bila kosa hata moja. Ukurasa ukafungika. Adero alikuwa bado ameushika ule mkono mwingine wa mumewe, anaukausha kwa leso.

Wazee walikuja kujionea wenyewe. Walimzunguka Ogola, wakamgusa bega, wakasema mtu anayesimama hazikwi. Isitoshe, viatu vilivyolowa vile ni vya mtu aliyeteremka ferini, kwa hiyo Gordon alikuwa amesema kweli. Wakamshauri Adero amsamehe mumewe, wakanywa chai, wakaenda zao.

Kontrakti iliongezwa. Ogola huja kila siku saa mbili, huchomeka kidole, hungoja. Mashine haitoi mlio. Maji yake hutapakaa sakafuni, na mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Kisumu aliteleza akaumia kiuno. Gordon, ambaye kanisani husifiwa kwa huruma yake, akampa Adero kazi ya kupiga deki.

Adero hachelewi. Huanzia mlangoni, akifuata nyayo za maji mpaka kwenye meza.

"Inua," humwambia mumewe, naye huinua mguu mmoja, kisha wa pili, na Dolphine hungoja pakauke ndipo achomeke mizani.