Hakuna Mchukuzi

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza katika ofisi ndogo ya kituo cha afya, akiufuata waya wa simu kwa vidole kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta. Waya ulikuwa mzima. Hakuna panya aliyeutafuna wala mguu wa kiti ulioukalia. Akatoka chini ya meza, akajipangusa vumbi magotini, akaiamuru kompyuta ipige tena. Modemu, kile kifaa cha kuiunganisha kompyuta na simu, ikabonyeza namba, ikatoa ule mlio wake wa kukwaruza unaotia meno ganzi, kisha ikanyamaza. Kwenye skrini yakatokea maneno yaleyale: Hakuna mchukuzi.

Chumba cha pili, nyuma ya pazia, alilala mdogo wake. Asubuhi hiyo mzigo ulikuwa umemwangusha katika ghala la jirani, alikokuwa akifanya kazi ya uchukuzi, na mgongo ukatoa sauti ambayo watu wa ghalani waliisikia hadi mlangoni. Sista wa kituo alimpiga picha ya eksirei, akaiingiza kwenye kompyuta, akampigia simu daktari bingwa wa migongo kwenye hospitali kuu. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Mgonjwa asigeuzwe, asinyanyuliwe, asipakiwe garini mpaka yeye mwenyewe aione picha. Akiiona atajua atume gari gani na watu gani. Na aione kabla ya jioni, maana jioni anasafiri. Minara ya simu za mkononi ilikuwa haijafika upande ule, kwa hiyo picha ilikuwa na njia moja tu, waya wa simu.

Kitambaa cha pazia kilikuwa chepesi na Fundi alisikia kila kitu. Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, akibonyeza ngozi kwa kidole gumba.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia."

Mchana ganzi ilikuwa kwenye nyayo. Sasa ilikuwa imevuka vifundo na inapanda.

Sista akaingia akiwa amebeba beseni, akaitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyemeza dawa. Ilikuwa kompyuta pakato kuukuu ambayo Fundi mwenyewe ndiye aliyeitia mfumo wa Linux, kwa kuwa ile programu ya mwanzo ilikuwa imeshakuwa nzito kuliko mashine. Ubavuni ilikuwa na safu ya vitaa vidogo.

"Fundi, hapa pameandikwa WIFI, na taa yake haiwaki."

"Wifi yuko kule kwa mumewe," Fundi akasema bila kugeuka. "Hiyo taa tangu nianze kuijua haijawahi kuwaka."

Alikuwa ameshafanya yote aliyoyajua. Kompyuta ilikuwa ikiitafuta modemu kwenye mlango usio wake, akaielekeza mlango. Kisha ikakataa, ikidai kwamba Sista, ambaye ndiye aliyeingia kwa jina lake, hana ruhusa ya kupiga simu, akampa ruhusa. Kisha modemu ikagoma kupiga mpaka isikie mlio wa simu wa huko ilikotengenezwa, mlio ambao simu za hapa hazina. Akaiambia iache madeko, ipige tu. Kila kosa alilolitoa lilimsogeza hatua moja, na hatua ya mwisho ilikuwa hiyohiyo. Hakuna mchukuzi.

Maneno hayo aliyafahamu tangu yanazaliwa. Zamani kidogo alikuwa katika kikundi cha watu waliojitolea kuitia Linux ya kituo na ya shule za jirani katika Kiswahili. Walipolifikia lile wimbi linalobeba ujumbe ndani ya waya, ubishi ukawaka. Huyu anataka wimbi bebezi, yule anataka mbebaji, na chai ilikuwa imeshamiminwa. Mtu mmoja akaandika mchukuzi, wakacheka, wakasema watarekebisha kesho. Kesho yenyewe ndiyo hiyo haikupatikana.

"Sasa," Sista akasema, akiweka beseni chini, "kama tatizo ni mchukuzi, si tukamwite? Ghala lile pale limejaa wachukuzi."

Fundi alifungua kinywa amweleze habari ya mawimbi. Nyuma ya pazia wifi yake akauliza, "Na hapa?" na hakujibiwa haraka. Fundi akafunga kinywa.

"Nenda, Sista. Kimbia."

Sista alirudi na mchukuzi mmoja mtu mzima, mwenye mabega mapana na shingo iliyozama katikati yake, ambaye ghalani walimwita Winchi. Msimamizi alikuwa amemruhusu kwa sharti kwamba arudi kabla lori la jioni halijaingia. Winchi alipita kwanza nyuma ya pazia kumpa pole mwenzake, kisha akaja ofisini, akavua kandambili na kuzipanga ukutani.

"Mzigo uko wapi?"

Fundi akamwonyesha picha kwenye skrini.

"Na unakwenda wapi?"

Akamtajia hospitali kuu, akamwonyesha tundu la simu ukutani. Winchi akaliangalia, akaona ni jembamba lakini amepita kwenye milango mibaya zaidi. Akaikunja ngata yake, akaiweka kichwani, akainama mbele ya kompyuta. Modemu ikapiga namba. Alipouinua mzigo, magoti yalimtetemeka, akaguna, akajiweka sawa, kisha akaingia kwenye tundu la simu, kichwa kwanza, akiinamisha mabega kama mtu anayeingia jikoni kwa wakwe. Skrini ikaandika: Umeunganishwa.

"Afadhali," Sista akasema, akachukua beseni lake.

Mstari wa kijani, wa kuonyesha mzigo umefika wapi, ukaanza kutambaa kwenye skrini. Ndani ya spika ya kompyuta zilisikika nyayo zikikanyaga shaba, na pumzi ya mtu mzima aliyeelemewa. Fundi hakupepesa. Mstari ulikuwa umefika robo ilipolia *klik*, nyayo zikakatika, na Winchi akatoka ukutani kwa kishindo, mzigo bado kichwani, goti limechubuka.

"Kuna mtu amenikanyagia njia," akasema.

Fundi alisoma kumbukumbu za kompyuta mstari kwa mstari. Kompyuta ilisema tu kwamba laini imekatwa na upande mwingine. Ndipo alipokumbuka siku ya kufunguliwa kwa kituo, utepe na makofi, na mwenye ghala akisimama kutangaza zawadi yake: simu. Hakuwa amevuta laini mpya. Alikuwa amechepusha ya ghala lake. Kila mara mkonga wa simu ulipoinuliwa kule, modemu hapa ilikata roho.

Akavuka uwanja mbio. Msimamizi wa ghala alimpokea vizuri sana, akamwita dada, akamwambia poleni na matatizo, akaahidi kwamba simu haitaguswa hata na nzi. Fundi akashukuru. Alikuwa bado anahema alipofika kwenye kompyuta, na Winchi ameshainama.

Safari hii mstari ulifika nusu. *Klik*. Winchi akatoka akiwa amekunja uso, na hakuutua mzigo mpaka Sista aliposhika upande mmoja.

"Nimepishana na maneno ya msimamizi humo ndani," akasema, akihema. "Yanakwenda kwa mwenye mali. Mepesi, yamenipita mbio. Anasema hapana ajali iliyotokea. Anasema kijana ameanguka kitandani kwake, na kwamba ghalani hawamjui."

Wifi alikuwa amesimama kwenye pazia na alikuwa ameyasikia yote. Fundi alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni, hasira ya kutaka kuvunja kitu, lakini kitu cha karibu kilikuwa kompyuta.

"Na jambo jingine, Fundi," Winchi akaendelea. "Umesema ni picha ya mgongo. Hii si ya mgongo peke yake. Humu mna magunia. Mimi nabeba gunia moja tangu ujana, uzito wake shingo yangu inaujua. Humu mna matatu."

Fundi akaisogelea skrini. Alikuwa ameitazama picha ile alasiri nzima akitafuta ukubwa wa faili tu. Sasa aliiona vizuri. Pingili za mgongo zilikuwa pale, moja imebonyea, na juu yake, meupe kwa mbali kama mifupa mingine, magunia matatu yamepangwa, mishono yake inaonekana. Akainuka akaenda nyuma ya pazia.

"Walikubebesha mangapi?"

Mdogo wake akatazama dari. "Dada, hiyo mashine yako inalia kumshinda mke wangu."

"Nakuuliza mangapi."

"Lori lilikuwa linaondoka. Wakaniwekea matatu."

"Ukashindwa kukataa?"

"Ukikataa, mlangoni wamejaa wanaosubiri ukatae. Dada, magoti yameanza kuniaga."

Fundi akarudi kwenye kompyuta, macho yamelowa. Katika Linux amri ya kukata faili ni neno moja fupi. Akaikata picha vipande vitatu, gunia moja kwa kila kipande, akaandika namna ya kuviunga kule vitakakofika. Kukata mzigo aliweza. Mkonga wa ghalani hakuuweza.

"Huo niachieni mimi," wifi yake akasema.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole kiasi kwamba nyumbani walimtania kuwa hata maji akiyachota huyaomba ruhusa. Alijifunga khanga kiunoni, akavuka uwanja, akaingia ofisi ya msimamizi bila hodi, akaketi juu ya meza yake na kuikalia simu.

"Mama, hapo ni pa kazi," msimamizi akamwambia.

"Mume wangu umesema humjui," wifi akajibu. "Basi na mimi hunijui. Mtu usiyemjua utamshikaje umwinue?"

Msimamizi alizunguka meza, akakohoa, akaita watu, na watu wakachelewa kuja. Dirishani Fundi aliona kitambaa cha khanga kimetulia palepale. Kwenye ubavu wa kompyuta, kile kitaa kilichoandikwa WIFI kikawaka kijani, hakikumemeta hata mara moja.

"Si nilikwambia," Sista akasema.

Winchi akabeba kipande cha kwanza. Kwa gunia moja mwendo wake ulikuwa mwingine kabisa, wa mtu anayeijua kazi yake. Mstari ulitambaa, ukafika mwisho, naye akarudi akijifuta jasho. Akabeba cha pili. Nyuma ya pazia Sista sasa ndiye aliyekuwa akibonyeza ngozi na kuuliza, na "nasikia" ilikuwa ikija juu ya magoti tu. Nje, lori la jioni likaingia uwanjani, likapiga honi.

"Naitwa," Winchi akasema.

"Kimebaki kimoja, Mzee wangu."

Honi ikalia tena, ndefu. Winchi akautazama mlango, akalitazama pazia, akairekebisha ngata, akaingia ukutani na kipande cha tatu. Fundi aliushika ukingo wa meza. Nyayo kwenye spika zilikuwa zimechoka, zikisimama, zikianza tena. Mstari wa kijani ulifika karibu na mwisho ukaganda, na kwa muda hapakusikika chochote ila pumzi. Halafu ukafika mwisho.

Jibu la daktari lilikuja Winchi akiwa bado njiani kurudi, na ni yeye aliyelileta mkononi, kwa kuwa halikuwa na uzito. Fundi akalisoma kwa sauti ili lisikike nyuma ya pazia. *Picha nimeipokea. Gari linaondoka sasa na machela ngumu. Msimsogeze mpaka wafike. Miguu tunaweza kuiwahi. Magunia pia nimeyaona. Hayo si ya kitengo changu.*

Mdogo mtu alicheka kwanza, kisha akalia, kwa sauti, bila aibu, na Fundi akaenda kumshika kichwa. Wifi akarudi. Msimamizi hakuwa amemtukana; alikuwa amemshukuru kwa kuinuka, kisha akanyanyua mkonga na kuulizia mtu wa kuijaza nafasi ya mumewe. Kitaa cha kijani kilikuwa kimezimika. Wifi akaketi miguuni pa kitanda, akaanza upya kubonyeza, safari hii kuanzia mapajani kwenda chini.

Winchi alikuwa akitafuta kandambili zake.

"Kunywa hata maji," Fundi akamwambia.

"Nikinywa nitakaa. Nikikaa sitainuka." Akavaa, akaikung'uta ngata ikatoa vumbi la shaba, akatoka.

Fundi akasimama dirishani. Lori lilikuwa limefungua nyuma na injini inanguruma. Winchi akaingia mlango wa ghala, akainama pale walipokuwa wakiinama wote, na vijana wawili wakamwekea gunia kichwani. Msimamizi akatazama lori, akawapungia mkono. Wakaweka la pili. Winchi akajiweka sawa, akasubiri kuachiwa.

Wakainua la tatu. Nyuma ya Fundi modemu ikakwaruza, ikanyamaza, na skrini ikaandika maneno yake, naye hakugeuka kuyasoma.