Alama Mia

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia mpaka akakera watu: orodha yake ya wanaosubiri upasuaji wa moyo haikuwa na cha ndugu wala jamaa. Programu ya kuipanga aliiandika yeye. Kila mgonjwa humo ndani ni kitu, ndivyo wenye kazi hiyo wanavyosema bila haya: kitu chenye jina, umri na alama za ugonjwa. Mwenye alama nyingi hukaa juu. Kila Jumatatu orodha hupangwa upya, ukurasa wa kwanza hubandikwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na kurasa nyingine husahauliwa kwenye droo.

Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa kwenye orodha hiyo hiyo. Fundi aliapa mbele ya wauguzi kwamba hatalitafuta jina lake.

"Hata kuchungulia tu, baba?" shangazi aliuliza, akihema.

"Hata kuchungulia, shangazi. Zamu yako itafika yenyewe."

Shangazi akacheka, akawaambia wenzake wodini kwamba yeye amelea mtu.

Jumatatu sita zikapita. Miguu ya shangazi ilivimba, maneno yakaanza kumkatika katikati. Ndipo muuguzi wa wodi akamfuata Fundi ofisini na kufunga mlango.

"Alikuwa wa pili," alisema. "Nikaona anazidiwa, nikampandisha kutoka tisini na tisa hadi mia. Tangu siku hiyo simwoni pale mlangoni. Umempeleka wapi?"

Fundi alifungua orodha nzima. Akashuka, akashuka tena. Shangazi alikuwa wa mia mbili na kumi na mbili.

Fundi akaisoma upya programu yake. Alama alikuwa ameziweka kama maandishi, si kama namba, kwa hiyo programu ilizipanga kama kamusi inavyopanga maneno, ikitazama tarakimu ya mwanzo kwanza. Tisini na tisa huanza na tisa, ikakaa kileleni. Mia huanza na moja, ikaporomoka hadi chini, jirani na kumi. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alitafuta wengine waliowahi kufika mia mwaka huo, akawapata watano. Wote walikuwa marehemu.

Alirekebisha kwa neno moja tu. Shangazi akaruka hadi wa kwanza, na Fundi akatoka mbio na karatasi ingali na joto la printa.

Daktari wa upasuaji aliitazama karatasi, kisha akasoma faili polepole.

"Mwezi uliopita ningempasua. Sasa atafia mezani. Mtoe kwenye orodha."

Fundi alimtoa mwenyewe, kwa vidole vyake. Kisha akaenda wodini, muuguzi akimfuata nyuma.

"Imeshindikana, shangazi. Moyo umechoka mno."

"Walionitangulia walikuwa wagonjwa kuliko mimi, sivyo?"

Muuguzi aligeuka akatazama dirishani.

"Ndiyo, shangazi," Fundi alisema.

"Basi sina kinyongo." Alimshika mkono, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Huyu ndiye mwanangu niliyekuwa nakwambia. Hakunipendelea hata kidogo."